Chemchemi ya Kushoto kwa Geti

Mwalimu wa jiografia alikuwa na tabia ya kutembea na tufe la dunia kwapani kama mtu anayetoka sokoni na tikitimaji, ndiyo maana shule nzima ilimwita Mwalimu Dunia. Muhula ule aliligawa darasa katika makundi, kila kundi lichunguze jinsi watu wa mahali fulani wanavyopata maji na kuyatunza. Kundi moja likapewa watu wa jangwani waliochimba mahandaki marefu chini ya ardhi ili jua lisiwanyang'anye maji yao. Jingine likapewa visima vya ngazi, ambavyo mtu huvishuka kama anayeshuka ghorofani. Kundi la Chiriku likapewa hapa hapa.

"Hapa hapa wapi, Mwalimu?" Chiriku akauliza.

"Hapa mtaani. Kulikuwa na chemchemi zamani, watu wote walichota hapo. Siku hizi hakuna anayejua ilipo. Itafuteni."

Darasa likaangua kicheko. Wenzao wanazungushwa dunia nzima, wao wanazungushwa mtaa ambao wanaufahamu mpaka mbwa wake! Profesa, mvulana wa miwani aliyekuwa kundi moja na Chiriku, alinuna waziwazi. Kibonge, wa tatu wao, hakujali. Yeye kazi yoyote isiyo na hesabu aliiona ni sikukuu.

Chiriku naye, kusema kweli, alifurahi moyoni. Jina lile alipewa kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, na safari hii alikuwa na la kusema: Bibi yake alizaliwa mtaa ule ule, na akasoma shule ile ile. Waliishi watatu, yeye, mama yake ambaye ni nesi wa zamu, na Bibi mzaa mama. Chiriku na Bibi walilala chumba kimoja, wakigombania kila siku nani ainuke kuzima taa.

"Chemchemi?" Bibi alisema jioni ile, uso ukamchangamka. "Ukitoka geti la shule, shika kushoto. Fuata ukuta mpaka uishe. Ukuta ukiisha, hapo hapo, usivuke. Tulikuwa tunachota kabla kengele haijalia, na aliyechelewa alichapwa na maji yake kichwani."

Maelekezo yasingeweza kuwa bora zaidi. Mtaa ule kila kitu huelekezwa kutoka geti la shule. Ukimtafuta fundi viatu, utaanzia geti la shule. Ukitaka zahanati, geti la shule. Hata msiba ukitokea, waombolezaji huambiwa waanzie geti la shule. Hakuna anayeuliza geti gani, maana geti ni moja.

Kesho yake wakatoka getini, wakashika kushoto, wakafuata ukuta mpaka ukaisha. Hapo walikuta karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma, cheche zinaruka, ardhi kavu mpaka imepasuka.

"Chemchemi?" fundi akanyanyua kinyago chake cha kuchomelea. "Watoto, mimi hapa hata maji ya kunywa naagiza dukani."

Profesa akamgeukia Chiriku. "Bibi yako ana uhakika?"

Chiriku hakujibu, na hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Laiti angeendelea kunyamaza. Lakini jioni ile Mjomba, kaka wa mama, alikuwa amewasili kutoka mji wa mbali anakofanya kazi kiwandani, na mezani Chiriku akaanza kusimulia kama kawaida yake: tufe la Mwalimu, majangwa, kinyago cha fundi. Alipofika mahali pa kusema kwamba hawakuona hata tone, ulimi ukamteleza. "Bibi alituelekeza siko," alisema, huku akicheka.

Mjomba akaweka kijiko chini. Si mtu mbaya, Mjomba, tusimsingizie. Ni mtu mwenye wasiwasi, na mwenye wasiwasi akipata ushahidi hupumua. Mwezi uliopita Bibi alisinzia jiko la gesi likiwaka, sufuria ikaungua mpaka ikatoboka. Tangu hapo Mjomba alikuwa akisema mama yao ahamie kwake, ambako kuna mke anayeshinda nyumbani na msichana wa kusaidia kazi.

"Unaona, dada?" alimwambia mama yake Chiriku. "Kazaliwa hapa, kakulia hapa, na sasa hata hapa panampotea. Nimeshapaka chumba rangi. Jumapili naondoka naye."

Mama akamtazama Bibi, kisha akayatazama magauni yake ya zamu yaliyoning'inia mlangoni.

"Nimesema kushoto," Bibi akasema polepole. Kisha akainuka, akaenda chumbani. Chiriku alibaki na tonge mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye aliyemuuza bibi yake, tena kwa kicheko.

Asubuhi ya Ijumaa alifika shuleni macho yamemvimba. Kibonge naye hakuwa katika hali nzuri: alikuwa amekamatwa akila darasani, akatumwa kufyeka nyuma ya stoo, kule mwisho wa uwanja ambako hakuna anayekwenda ila kwa adhabu. Wakati wa mapumziko Chiriku na Profesa walimfuata wamsaidie, maana urafiki una gharama zake.

"Huu ni uonevu," Kibonge alifoka, jasho likimtiririka. "Wengine wakipewa adhabu wanafyeka vijiti vikavu. Mimi nafyeka nyasi mbichi! Tazama viatu, tope tupu. Na hawa kerengende wananizonga utadhani nimewaalika."

Chiriku akatazama. Uwanja mzima ulikuwa vumbi, mvua haijanyesha tangu muhula uanze, lakini pale, chini ya ukuta wa nyuma, nyasi zilikuwa kijani na kerengende wekundu walipepea juu yake. Mwalimu Dunia aliwahi kuwafundisha kwamba kerengende hawaendi mbali na maji. Profesa akapiga magoti, akakamua udongo kiganjani, ukatoa maji. Miwani ikamshuka puani.

Chiriku yeye alikuwa ameinua macho ukutani. Ukuta ulikuwa wa matofali makuukuu ya kijivu, isipokuwa sehemu moja, pana kiasi cha gari kupita, iliyojengwa kwa matofali mekundu. Na pembeni mwa ile sehemu, kila upande, kilining'inia kipande cha chuma chenye kutu. Alikigusa. Bawaba.

"Hili lilikuwa geti," alisema.

Wakatazamana. Barabara ya lami ilipita upande wa mbele. Bila shaka ilipokuja, shule ikageuka kuitazama, geti la nyuma likazibwa, na watoto wote waliozaliwa baadaye wakajua geti moja tu. Bibi alikuwa akitoka kupitia geti lake yeye. Mkono wake wa kushoto uliangalia upande mwingine kabisa.

"Twende tukaione sasa hivi!" Profesa alikwisha anza kukimbia.

Chiriku akamshika shati. "Hapana. Tukiipata sisi, Mjomba atasema tumeipata sisi. Nataka aipate Bibi mwenyewe, Mjomba akiwa hapo hapo."

Jumamosi akawaomba Bibi na Mjomba wamsindikize kwenye kazi ya shule. Mwalimu Dunia aliwasubiri kwenye kichochoro cha nyuma ya ukuta, bila tufe lake, akionekana kama amesahau kuvaa kitu. Profesa na Kibonge walisimama mmoja huku mmoja kule wakijifanya hawana habari. Bibi aliletwa mpaka mbele ya yale matofali mekundu.

"Haya, Bibi," Chiriku akasema. "Chemchemi iko wapi?"

Bibi akautazama ukuta. Akakigeukia kichochoro, akatazama vibanda, nguzo za umeme, mabati. Mjomba akatazama simu yake, akairudisha mfukoni. Chiriku aliona vidole vya Bibi vikisokota ncha ya mtandio, na maneno yakamjaa kinywani: geti, Bibi, geti lilikuwa hapa! Aliyameza. Hajawahi kumeza kitu kigumu kama kile. Vipi kama kweli hakumbuki?

"Mjinga gani kaziba geti?" Bibi akasema.

Kibonge akapiga ukelele. Bibi hakumsikia, alikwisha shika kushoto. Alitembea akiupapasa ukuta, akihesabu kitu ambacho wengine hawakukiona, mpaka ukuta ukaisha kwenye kitalu cha miche. Mwenye kitalu alikuwa maarufu mtaani kwa kujisifu kwamba ana mkono wenye baraka, miche yake haifi hata kiangazi. Bibi akaingia katikati ya mifuko ya miche yake bila hodi, akasimama, akaugonga udongo kwa kisigino.

"Hapa. Leteni jembe."

"Mama, hiyo ni miparachichi yangu!" mwenye kitalu akalalamika, lakini jembe akalileta, maana hata yeye alikuwa na hamu. Walichimba kidogo tu. Shimo likaanza kujaa taratibu, maji ya vumbi kwanza, kisha safi. Wanafunzi wakashangilia, Mwalimu akapiga makofi kama mtoto. Mwenye kitalu peke yake alikuwa akiyatazama maji, kisha mkono wake, kwa huzuni.

Chiriku alimkimbilia Bibi amkumbatie. Bibi hakucheka. Alikuwa amemtazama mwanawe, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Mlikuwa mnanipima," alisema.

Chiriku alihisi uso unamwaka moto. "Ndiyo, Bibi. Nilitaka Mjomba aone kwamba..."

"Na ningekosea?" Bibi akauliza, si kwa hasira. "Ningesimama pale nisikumbuke kitu, ingekuwaje?"

Mjomba aliinamisha kichwa, mtu mzima wa ndevu, akawa kama amerudi kuwa mtoto aliyevunja kikombe.

"Ningekuchukua kesho, Mama," akasema mwishowe. "Bila hata kukuuliza kama unataka."

"Basi niulize."

Mjomba akamsogelea. "Unataka kuja kukaa kwangu?"

"Sitaki, mwanangu. Nataka kukaa kwangu. Kusahau nasahau, tena kesho nitasahau zaidi, na jiko lile mimi mwenyewe linanitisha. Lakini mtu wa kunisaidia anaweza kuja kwangu. Si lazima mimi ndiye niende kwake."

Mjomba akalifikiria jambo ambalo, ukilitazama, lilikuwa rahisi mno, na ambalo katika rangi yote aliyopaka hakuwa amelifikiria. "Nitamwomba yule msichana wa kwangu aje huku mchana, dada akiwa zamu," alisema. "Akikataa, tutatafuta mwingine."

"Hayo ndiyo maneno," Bibi akasema.

Ndipo Chiriku alipoanza kulia, kwa sauti, bila kujali Profesa wala Kibonge. "Bibi, hata ungekosea," alisema katikati ya kwikwi, "hata ungetupeleka mpaka kwa yule wa vyuma, mimi ningesema ni hapa. Ningechimba hapo hapo."

"Najua," Bibi akasema. Akavua ndala, akampa mjukuu wake mkono amshike, na wote wawili wakaingiza miguu kwenye maji.