Jina la Marcellin Katika Mashini

Bwana Anselme alipokabidhiwa ofisi ya kukagua mizani ya soko, katika komuni ya Mbunya mjini Bunia, alitia saini kupokea kila kilichotajwa katika hati ya makabidhiano: viti saba, kabati lisilofunga, muhuri na kompyuta. Kilichomshinda kupokea ni salamu. Kila alipoiwasha kompyuta hiyo, kioo kilimkaribisha kwa adabu zote: «Bienvenue, Marcellin.» Marcellin alikuwa mtangulizi wake.

Alivumilia siku tatu. Siku ya nne alimwita Lucien, fundi wa kompyuta, akamwamuru aifute yote na kuisimika upya.

Scholastique, sekretari wa ofisi, alisikia amri hiyo akiwa mezani pake, akaacha kuandika. Ndani ya kompyuta ilikuwamo orodha. Miaka kumi na mmoja alikuwa ametumika kama «nyuvelinite», yaani mtumishi mpya anayengoja Kinshasa impe nambari ya matrikule, ambayo bila hiyo serikali haimjui wala haimlipi. Ni upya ambao wengine wamezikwa nao. Jina lake lilikuwamo katika orodha hiyo, pamoja na mwaka wake halisi wa kuanza kazi, na ujumbe wa Kinshasa ulikuwa upite Bunia siku ya Ijumaa kuichukua.

«Shefu, ni jina tu ndiyo inakusumbua?» Lucien aliuliza. «Hiyo ni dakika mbili. Natosha Marcellin, namuondoa, naweka weye.»

«Unatosha jina, muzizi unabaki. Ule mutu alikaa na hii mashini miaka tisa. Futa yote. Nataka mashini yenye haijui mutu.»

«Basi niweke kwanza mafaili kando.»

«Kisha uyarudishe? Mutu anafukuza nyoka mu nyumba, halafu anamurudishia mayai yake?»

Scholastique alisimama. «Shefu, liste ya matrikule iko mule ndani. Ile ya Ijumaa.»

«Mama Scholastique, weye uko mutu wa Marcellin ao uko mutu wa Leta, wa serikali?»

Swali hilo halikuwa na jibu ambalo lingemwachia mtu kiti chake. Akaketi.

Kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya kung'oa mizizi, Pasta Michée aliitwa kwanza. Aliweka mkono juu ya kioo na kuikemea roho ya uongozi uliopita kwa muda wa saa nzima. Lucien alingoja amina, akachomeka flashi yake, akabonyeza vitufe vichache, na roho hiyo ikatoka kwa dakika arobaini. Baada ya hapo kompyuta ilimkaribisha Anselme kwa jina lake. Haikuwa na lingine la kumwambia.

Nakala za karatasi zingaliweza kusaidia, lakini mchwa walikuwa wamekwisha kuzipokea, wao bila saini. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Anselme alitangaza kwamba orodha itaundwa upya: kila mtumishi atataja mwaka alioanza kazi, na atakuwa na mashahidi wawili. Scholastique ndiye angeandika.

Wa kwanza alikuwa Kasereka, mlinzi wa mlango. Alitaja mwaka 1998.

«Kasereka, weye ulizaliwa mwaka gani?»

«Mama, leo wanauliza mwaka ya kuanza kazi. Ya kuzaliwa watauliza siku ingine.»

Fifi, mpwa wa shefu, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, aliyeingia ofisini Jumatatu ya juma lile, alitaja mwaka 2001. Kasereka alimshuhudia; naye, ili asibaki na deni la wema, akamshuhudia Kasereka. Hadi saa sita mchana ofisi yenye viti saba ilikuwa na watumishi kumi na tisa, wote wakongwe.

Wa mwisho Scholastique alijiandika mwenyewe: 2014. Hakuwa na shahidi, ila alikuwa na barua yake ya kuajiriwa, aliyoitunza nyumbani ndani ya Biblia. Akaibandika nyuma.

Anselme aliisoma orodha akiridhika mpaka alipofika mstari huo. Kalamu ikasimama.

«Hii inanipa mashaka.»

«Barua iko nyuma, Shefu.»

«Barua ni karatasi moja. Wenzako wako na mashahidi wawili-wawili. Na wote walianza zamani, mbele ya 2005. Weye, sekretere mukubwa, 2014? Kinshasa wataona siye tunadanganya. Nitakukata, ao urekebishe.»

Ujumbe wa Kinshasa uliotangulia ulikuwa umepita miaka tisa nyuma.

«Mwaka gani utafaa, Shefu?»

«Mimi siwezi kukuambia udanganye. Tafuta tu mwaka yenye kufanana na ya wengine.»

Scholastique aliirudisha barua katika mkoba wake. Alichagua 2003, mwaka ambao yeye alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, mkimbizi kutoka Djugu chini ya hema, na ofisi hiyo haikuwa na bati hata moja. Akauandika kwa uangalifu uleule alioandikia barua zote za serikali.

Kasereka na Fifi walikuja kumshuhudia bila kuombwa. Fifi, ambaye mwaka ule alikuwa angali ananyonya, alikumbuka hata rangi ya kitenge alichovaa Mama Scholastique siku ya kwanza ya kazi.