Swali la Choo

Tangu asubuhi Nafula alikuwa amejitayarisha kudanganya. Alikaa wima kitandani, mikono yake iliyopinda kaificha chini ya leso, akamkaribisha Shirleen, msichana wa kliniki aliyekuja Kayole na karatasi zake.

Ilikuwa hojaji ya wagonjwa wa viungo, ya kupima maisha yao yanakwendaje. Iliandikwa ng'ambo, wasomi wakaitia Kiswahili, na sasa inajaribiwa kwa wagonjwa wenyewe ionekane kama inaeleweka. Huko ilikotoka, mgonjwa huijaza peke yake, kimya. Lakini Nafula angeshikaje kalamu na vidole vile? Basi Shirleen asome kwa sauti, naye ajibu kwa sauti, katika chumba kimoja cha kupanga, huku bintiye Jacklyne akiosha vyombo pale mlangoni. Siri gani hiyo, jamani?

Maswali ya kwanza yalipita vizuri. Lile la kufungua mfereji lilimchekesha Nafula, maana mfereji wa ploti ile ulisahau maji zamani. Akasema afadhali waulize kubeba mtungi, na Shirleen akaandika. Kila baada ya jibu aliuliza, swali limeeleweka? Limeeleweka mwanangu, endelea.

Lakini mgonjwa mwenzake alikuwa amemdokezea kwamba mbele huko liko la choo, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Kwao Bungoma, mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Ndiyo maana Wakoli, mumewe Jacklyne, alipomleta Nairobi kwa matibabu alimkodishia chumba chake mwenyewe, ghorofa moja chini ya chao, heshima ikae mahali pake. Kijana wa adabu, Wakoli. Alimsalimia kwa mbali, macho ukutani. Wangapi Nairobi hii wanaomlipia mama mkwe nyumba?

Halafu ikaja ile asubuhi. Jacklyne yuko kiwandani. Nafula alijikokota mpaka choo cha ploti, kile cha kuchuchumaa, na magoti yakagoma kuinuka. Akaita majirani, majirani wameenda kutafuta unga. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Aliyesikia ni Wakoli, katoka zamu ya usiku. Afanyeje? Amwache mzee aozee pale? Aliuvunja mlango, akageuza uso, akambeba mama mkwe wake na nguo zake ziko magotini. Alimlaza kitandani, akamfunika, akatoka. Nafula alitamani ardhi immeze, nayo ardhi ikamwacha vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo Wakoli hajalala nyumbani. Pesa anatuma kwa simu, na akiulizwa yuko wapi anasema kazi imezidi. Jacklyne, asiyejua lolote, keshajipa jibu: kuna mwanamke. Amemtunga mwenyewe kichwani, akampa hata nyumba huko Komarock, na kila siku anamlaani. Anasema mwisho wa mwezi atachukua watoto aondoke. Anamwuliza mamake, nimemkosea nini mume wangu? Na mamake anajibu hajui. Uongo mtupu. Lakini maneno kama yale, mama humwambia binti yake kwa mdomo upi?

Shirleen alifungua ukurasa mwingine. "Je, mwezi huu umehitaji kusaidiwa chooni?"

Hapana. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nafula akainua macho, akamwona mwanawe pale mlangoni, amekonda, mifupa ya shingo imemtoka, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata kitambo. Moyo ukamkatika.

"Ndiyo," alisema.

Shirleen akauliza ni nani aliyemsaidia. Nafula hakumtazama yeye.

"Ni Wakoli. Jacky, mume wako ndiye aliyenitoa chooni. Alinibeba niko uchi. Ndiyo maana harudi. Hakuna mwanamke."

Kusugua kukakoma. Shirleen, mtoto wa mjini, hakuona ajabu yoyote. Mtu kamsaidia mzee, Mungu ambariki. Akashuka kwenye visanduku vyake vya majibu. Jambo hilo lilikusumbua vipi: hapana kabisa, kidogo, kiasi, ama sana?

Nafula alikuwa anamngojea bintiye. Alitumaini, maskini, kwamba Jacklyne angeshusha pumzi, pengine hata angecheka, kisha atafute simu ampigie mumewe arudi kwa watoto wake. Jacklyne aliiweka sufuria chini polepole. Alilelewa na mama huyu huyu, katika mila hizo hizo, na hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Mtu aliyemwona mama mkwe wake vile hawezi tena kula meza moja na binti wa mama huyo akatulia. Kila akimtazama mke, atamwona mama.

"Mama, afadhali ingekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke ningemfukuza."

Akajifuta mikono kwenye sketi, akapanda ngazi kwenda kwake. Sufuria aliiacha pale pale.

Shirleen alikuwa bado ameinua kalamu. Akauliza tena, kwa upole, kama ni kidogo ama ni sana. Nafula akamwambia aandike sana. Na swali lenyewe, mama, limeeleweka?

Limeeleweka, alisema Nafula.