Ijumaa ya Kumwacha Ciriaco

Goti la Basilio Saralegui lilimsaliti mwaka 1953, palepale uwanjani mjini Paysandú, mbele ya watu waliomshangilia miaka kumi na mmoja. Wakubwa wa klabu wakamwonea huruma, wakampa ukocha. Jumatatu alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, aliwakuta wenzake wakicheza karata. Wakasimama wote.

"Endeleeni, jamani."

"Tumeshamaliza, mwalimu," akajibu mmoja, karata bado zi mkononi.

Tangu hapo hakuna aliyemwita tena kwa jina lake la utani, Vasco, isipokuwa Ciriaco Tabárez, beki wa kati, aliyelala naye chumba kimoja safari zote. Ciriaco alimpitia kila asubuhi na kibuyu cha chai chungu ya yerba, wakanywa kwa kupokezana, wakiwasengenya marefa.

Msimu wa tatu wakafika fainali. Lakini miguu ya Ciriaco ilikuwa imekwisha. Mazoezini hata vijana wa akiba walimpita kama mlango ulioachwa wazi. Ijumaa, Basilio alimwita kando.

"Jumapili huanzi, Ciriaco."

Ciriaco akacheka. "Acha utani, Vasco! Mama anatoka Salto kuja kunitazama."

"Sitanii. Miguu imechoka, ndugu yangu."

"Na yako ilipochoka, nani alikufichia aibu? Nani alikimbia badala yako msimu mzima?"

Ilikuwa kweli; hata hivyo Basilio hakubadili kikosi.

Jumapili walishinda mbili bila. Kijana aliyeshika nafasi ya Ciriaco hakupitwa hata mara moja. Uwanja ulipolipuka kwa shangwe, Basilio alitupa jicho jukwaani: mama yake Ciriaco ameketi wima, mikono mapajani, hapigi makofi.

Jioni walichoma nyama, wakaimba. Kila benchi aliloliendea, wachezaji walisogea kwa heshima, wakasogea mno. "Karibu, mwalimu," walisema, na mazungumzo yakafa. Alikula amesimama, akaondoka.

Jumanne alikwenda kwa Ciriaco. Mkewe, Elvecia, alifungua mlango nusu.

"Amevuka mto wa mpakani, shemeji. Amesaini na timu moja kule Concepción."

"Hakuacha neno?"

"Amesema ulifanya sawa." Akaanza kuurudisha mlango. "Na kwamba usimfuate."

Basilio alishukuru, akavaa kofia yake, akashika njia ya uwanjani akichechemea. Mazoezi yalikuwa saa tisa.