Ukuta Wenye Ufa

Kitendawili. Umeitikia? Haya: ukuta wangu mweupe una ufa, na mwenyewe sitaki uzibwe. Kaa nacho kwanza.

Fundi alikuwa anapinda gauni la Msusi, jirani yake pale kwenye kambi ya wakimbizi. Alipofika mwisho wa mshono aliinama akate uzi kwa meno, kama alivyozoea tangu usichana. Jino likamchoma hadi sikioni. Akauachia uzi uning'inie.

"Si utumie mkasi, shoga," Msusi alisema.

"Mkasi haujui pa kukatia."

Simu ikalia kitandani. Ujumbe wa kliniki ya meno, ule ule wa kila jioni: *Umepiga mswaki leo? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana.* Fundi akaandika polepole: *Nimepiga, mwanangu. Wewe umeshakula?* Hajaiweka chini, jibu likarudi: *Samahani, hatujaelewa. Tuma 1 au 2.*

Msusi akacheka. "Unaongea na mashine."

"Mashine? Mbona inanijulia hali kuliko wewe?"

Ujumbe mwingine ukaingia. *Kuna jino linalokuuma?* Huo Fundi hakuwahi kuujibu. Aliifunika simu kwa upande wa kanga.

"Shavu limeumuka kama mto," Msusi alisema. "Wajibu, wakung'oe hilo jino."

"Ni la mbele." Sauti ilikuwa ndogo. "Binti yangu alikuwa mdogo tulipopotezana njiani. Sura yangu ataisahau. Ila huu mwanya alikuwa akiutia kidole. Wakiling'oa, atanijuaje?"

Msusi akachukua mkasi, akaukata ule uzi mwenyewe.

"Alikuwa akiutia kidole ukifanya nini?"

"Nikicheka."

"Na mara ya mwisho umecheka lini?"

Fundi aliliondoa gauni cherehanini, akampa. Msusi akakunja gauni lake, akamgusa bega, akaenda.

Nje akina mama walikuwa wanawaita watoto waingie ndani, kila mmoja kwa jina lake. Fundi aliwasikiliza mpaka sauti ya mwisho ikaisha na mlango ukafungwa. Cherehani ilikuwa imetulia. Kiti alichokalia Msusi kilikuwa bado kimegeukia upande wa Fundi.

Akaifunua simu. Swali lilikuwa pale pale.

Akabonyeza 1, akatuma. Kisha, ingawa alijua hawataelewa, akaandika: *Ni lile la kwenye mwanya, mwanangu. Mlitoe taratibu.*