Halijaguswa na Mkono

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Alfajiri kulikuwa na manyunyu, lakini jua lilitoka kabla sijamaliza sala.

Darasa letu la jioni lilikwenda kwenye hifadhi ya bwawa, tujizoeze kusoma mabango. Nilikwenda na mume wangu, ambaye wenzake wa machimboni walimpa jina la Sururu. Miaka kumi na mmoja alivunja mawe palepale, mpaka kampuni ikaondoka na mvua ikalijaza shimo. Yeye hajui kusoma.

"Haya, mwanafunzi," alinitania, "hapo wamesemaje?"

Mwalimu aliniashiria nisome kwa sauti. Nilimwomba Mungu ulimi usiteleze, nikasoma: "Bwawa hili ni la asili. Halijaguswa na mkono wa binadamu."

Wenzangu walinipigia makofi. Sikukosea hata silabi. Lakini Sururu alikuwa anaitazama mikono yake.

"Kumbe sisi tulikuwa nyani," alisema.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alituongoza hadi ukingoni, akatuonyesha ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zikishuka na kuzama majini. Ndege mdiria alikuwa ametua kwenye ngazi ya juu, anavizia samaki.

"Hiyo ya pili ilinila siku tatu. Ya nne niliichonga nina homa."

Mtunza hifadhi aliyekuwa akitutembeza aliinama, akapapasa alama za tindo. "Mzee, nipo hapa mwaka wa nne. Nilidhani ni maji yaliyokula mwamba."

"Maji gani hayo, kijana, yenye rula?"

Safari hii hata Sururu alicheka.

"Basi bango libadilishwe," nilisema.

"Ofisi haigusi neno bila barua, mama," mtunza alinijibu.

Barua! Kuandika jina langu tu kulinichukua mwezi mzima. Nilimgeukia Mwalimu aniokoe, naye akaninyooshea kidole mimi mwenyewe.

"Utaweza?" Sururu aliniuliza, bila utani.

Nilizitazama ngazi zile, zimenyooka vile, na moyo wangu ukajaa. Mume wangu ndiye aliyezichonga. Nikashuka nikasimama kwenye ile ya juu, mdiria akaruka.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," nilisema, "Jumamosi ijayo nitaleta barua hapa, nimeiandika mwenyewe, kwamba bwawa hili limeguswa na mkono wa mume wangu na wenzake. Na nitaisoma kwa sauti kabla sijaikabidhi."