Shukrani za Jumapili

Meli ya kwenda Bukavu iliondoka Goma kila Ijumaa saa sita mchana, na gazeti lilichapwa huko Bukavu siku ya Jumanne. Kwa hiyo jambo lililotokea Goma siku ya Jumapili lilikuwa na njia mbili: lingoje meli ya Ijumaa iliyofuata, lisomwe likiwa limekwisha kuchacha, au liandikwe kabla halijatokea. Viongozi wa Umoja wa Waandishi wa Habari wa Kivu Kaskazini walifuata njia ya pili, wala hawakuihesabu kuwa uongo. Misa, gwaride na sherehe za ufunguzi zilikuwa na ratiba. Ratiba ilipigwa chapa teritware, ofisi ya Administratere wa Kibelgiji, siku nne kabla, na mwenye kuishika mkononi aliweza kuandika yote akiwa amekaa kitini.

Viongozi walikuwa watatu. Habarurema, mwalimu wa shule ya misioni, alikuwa mwenyekiti. Ndayambaje Damascène, karani wa kampuni moja ya malori, alikuwa mweka hazina. Kamate Paulin, mzaliwa wa Butembo, mpiga chapa katika ofisi ya mnunuzi wa kahawa, alikuwa katibu. Ni Kamate aliyeandika sheria za Umoja, na kifungu cha nne alikiandika mara tatu mpaka kikamridhisha: mwandishi haandiki asichokiona, na akikosea, atasahihisha katika gazeti linalofuata, kwa jina lake mwenyewe.

Ijumaa ya tarehe sita Septemba 1957 aliandika mistari arobaini juu ya kufunguliwa kwa robine nne za maji ya bomba mtaani, sherehe iliyopangwa Jumapili saa nne asubuhi. Mstari wa thelathini na moja ulisema hivi: "Baada ya hotuba ya Bwana Administratere, maji yalitoka kwa nguvu katika robine zote, na Bwana Ndayambaje Damascène akatoa shukrani kwa niaba ya wakaaji wote."

Damascène aliusoma akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Papa Kamate, umenitilia maneno matamu mudomoni. Sasa inanipasa niyashike kwa kichwa."

"Yashike vizuri. Ukiongeza hata moja, gazeti litakuwa limekosea."

"Basi sitaongeza. Nitakohoa tu."

Alicheka, akapanda kamyo, lori la kampuni yake, ya kwenda Rutshuru kuchukua habari za wanachama wa huko, na akaahidi kurudi kesho yake.

Kesho yake kamyo ilipinduka karibu na Rugari. Damascène alikuwa ameketi juu ya magunia ya maharage. Walimleta Goma saa tisa alasiri, amefunikwa turubai. Kamate alifunua turubai, akamtazama, kisha akatazama saa yake. Alingoja kitu kije, kilio au hasira. Hakikuja. Alirudisha turubai na kuinyoosha pembe zote nne.

Walimzika Jumapili saa nne, maana padri hakuwa na saa nyingine. Kamate ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, hivyo waliomba aandike msalaba. Alichora kwanza kwa penseli, kisha akafuata kwa rangi nyeusi: jina, na chini yake 7-9-1957. Habarurema alichelewa, alikuwa kwenye sherehe, maana mwenyekiti hawezi kukosa mbele ya Bwana Administratere. Alifika na suti nyeupe wakati udongo umefikia nusu, akasimama kando ya Kamate.

"Robine hazikutoa kitu," alinong'ona. "Zilikohoa tu."

Kamate alikumbuka ni nani aliyesema atakohoa. Alikumbuka tu, kama mtu anavyokumbuka namba ya nyumba.

Gazeti lilifika kwa meli ya Alhamisi. Mistari yote arobaini ilikuwamo, hakuna uliokatwa.

Jumatatu iliyofuata mjane wa Damascène, Mukabalisa Pascasie, alikuja kwa Kamate. Kampuni ilitaka nyumba yake iwe wazi Jumamosi. Alikuwa na watoto watatu, na baba mkwe aliwangoja Rutshuru. Lakini ili ahame alihitaji karatasi ya kuhama, na karatasi ya kuhama haikutolewa bila karatasi ya kifo. Karani wa teritware alikuwa amemrudisha mara mbili.

"Twende pamoja," alisema Kamate.

Karani huyo, Kataliko, alikuwa wa kwao Kamate, na mtu wa mzaha. Alipowaona aliweka kalamu chini.

"Ninyi watu wa gazeti ni hatari, ndugu yangu. Munafufua wafu!"

"Andika kifo, Kataliko. Tarehe saba."

"Nitaandika namna gani?" Alifungua faili na kuonyesha ukurasa wa gazeti uliokatwa kwa makasi, umebandikwa kwa gundi. "Bwana mwenyewe ameukata. Nakala nyingine amepeleka kwa wakubwa wake Bukavu. Tarehe nane, saa nne, Ndayambaje anamushukuru. Nikiandika alikufa tarehe saba, basi ni maiti ndiyo iliyomushukuru Bwana."

"Wewe ulikuwa kwenye sherehe. Ulimsikia?"

"Mimi? Nilisikia robine." Kataliko alicheka, akamwona Pascasie, akaacha kucheka. "Pole, mama. Unisamehe."

"Mimi nilimufunga kitambaa kidevuni Jumamosi," alisema Pascasie. Hakuinua sauti. "Jumapili hakusema kitu."

"Ninajua, mama. Buku la vifo ndilo halijui." Kataliko alimgeukia Kamate. "Watu wawili wenye heshima wakisaini kwamba alikufa tarehe nane jioni, leo hii hii ninapiga muhuri. Ao muandike gazetini kwamba mulikosea. Bwana akisoma, akikubali, nitaandika saba. Wewe chagua."

Pascasie alimtazama Kamate. Hakuomba. Alisema tu, "Jumamosi, Papa Kamate."

Kamate alihesabu njiani kuelekea shuleni kwa Habarurema. Sahihisho lingeondoka na meli ya Ijumaa, lingechapwa Jumanne, lingerudi Alhamisi. Siku tano baada ya Jumamosi. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuliandika usiku wa Alhamisi ile, maneno hamsini na mawili, na lilikuwa mfukoni mwake. Habarurema alilisoma akiwa amesimama mbele ya ubao, watoto wakiwa nje kwa mapumziko.

"Hapa unasema Damascène hakushukuru."

"Hakushukuru."

"Watauliza kwa nini uliandika. Utasema uliandika Ijumaa. Watauliza, na maji? Utasema nini juu ya maji, Paulin?"

"Kwamba hayakutoka."

"Na hotuba ya Bwana? Aliikata katikati kwa sababu ya aibu ya robine. Sisi tumeichapa nzima." Habarurema alikunja karatasi kwa mikunjo ileile aliyoikuta. "Ruhusa ya Umoja wetu inatazamwa upya Desemba. Tuko watu kumi na mmoja, mpaka yule wa Vitshumbi anayeandika habari za samaki. Wote watanyamazishwa."

"Kifungu cha nne, muzee."

"Ninakijua. Nilikipigia mukono mbele ya wote." Alifuta chaki vidoleni. "Ungekuwa ni wewe peke yako, ningesema peleka. Lakini Pascasie atalala wapi Jumapili?"

Kamate alichukua karatasi, akairudisha mfukoni. Walirudi teritware pamoja. Pascasie alikuwa bado ameketi kwenye ngazi, miguu imenyooka mbele yake.

Kataliko alisoma kwa sauti ya kazi: marehemu alikufa Goma, tarehe nane Septemba, saa kumi na mbili jioni. Habarurema alisaini kwanza. Kamate alishika kalamu. Alijua saa aliyoifunua turubai, na kwamba saa kumi na mbili jioni ya Jumapili alikuwa akirudisha kwa wenyewe majembe yaliyochimba kaburi. Alisaini jina lote, na tarehe chini yake, bila haraka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya meli, Pascasie alimkuta tena.

"Ninaondoka kesho na kamyo. Kuna kitu kimoja. Ule musalaba."

"Una nini?"

"Unasema saba, na karatasi inasema nane. Watoto watakua. Siku moja watu wa ofisi watawauliza baba yenu alikufa lini, mutoto mumoja atasema saba, mwingine nane. Wataambiwa ni waongo. Wewe ndiye uliyeuandika."

Kamate angeweza kusema kwamba mbao zile ndizo maandishi pekee yaliyobaki yenye ukweli. Lakini kwa mtu mwenye watoto watatu na karatasi moja, lilikuwa jambo dogo. Alichukua kisu, kopo la rangi nyeupe, kopo la nyeusi na brashi mbili, wakaenda makaburini, juu ya mawe meusi ya volkano.

Alikwangua saba mpaka mbao ikawa tupu. Alipaka nyeupe, akangoja ikauke. Pascasie aling'oa majani yaliyoanza kuota kati ya mawe. Nyeupe ilipokauka alichora nane kwa penseli, mviringo wa juu mdogo kuliko wa chini kama alivyofundishwa shuleni, kisha akafuata kwa nyeusi. Alirudi nyuma hatua tatu kutazama. Mahali pa saba ya zamani hapakuonekana.

"Inafanana," alisema Pascasie.

"Na ile ya kwanza?"

"Na karatasi."

Pascasie alimpa mkono, akamshukuru, akaenda kufunga mizigo. Mbali, honi ya meli ililia. Kamate aligusa mfuko wa shati. Sahihisho lilikuwa bado humo, na aliliacha humo.

Mikono yake ilikuwa na rangi. Aliipangusa kwa mafuta ya taa, na alipopita mtaani alisimama kwenye robine ya kwanza, akaifungua, akangoja bure. Akaifungua ya pili. Kisha akashuka mpaka ziwani, kama kila mtu, akanawa.