Breki ya Nyonga

Mjukuu wangu Hasina alirejea nyumbani Nguvumali kutoka shambani tulipokuwa tukipakua pilau ya hitima ya babu yake. Aliketi juu ya gunia la mkaa na buibui lake safi. Sikumkemea. Uso wake ulinitosha kujua kwamba jaribio limeshindikana.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uhandisi wa mitambo, Dar es Salaam. Mradi wake ulikuwa breki ya kusimamisha mashine ya kuchakata mkonge pindi mfanyakazi anaponaswa. Sikuwahi kumwuliza kwa nini alichagua mkonge. Babu yake tulimzika na vidole saba. Kikundi cha wakulima, nje ya mji, kilimruhusu kuitumia mashine yao, na kesho yake mhadhiri wake angekuja kukagua. Breki ikishindwa, Hasina angerudia mwaka mzima.

"Breki yenyewe ni nzima, Bibi," alisema. "Ukivuta kamba, ngoma yenye visu inasimama papo hapo. Lakini kamba inaning'inia juu. Leo fundi wao, Yona, amejifanya amenaswa, mikono yote miwili imenasa kwenye jani la mkonge. Akaniuliza, 'Mhandisi, kamba niivute kwa meno?' Watu wakaangua kicheko."

"Nawe?"

"Nilicheka nao. Kisha nikaenda kulia chooni."

"Basi machozi yamekwisha, mke mwenzangu. Wageni wana njaa. Beba sinia."

Alilibeba kwa mikono miwili, akauendea mlango wa ukumbini uliokuwa umerudishwa. Akausukuma kwa nyonga, ukafunguka. Badala ya kupita, akasimama pale pale. Akauvuta kwa mguu, akausukuma tena kwa nyonga.

"Hasina! Pilau inapoa!"

"Bibi, nimeufunguaje huu mlango?"

"Kama kila mwanamke wa nyumba hii aliyebeba sinia. Pita!"

Alipita. Aliporudi alikuwa na futi ya fundi cherehani, akatupima sote, kutoka sakafuni hadi nyongani. Shangazi yake Saleha akamwuliza kama anatushonea sare za harusi yake.

"Harusi na nani, Shangazi? Na mashine?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi likizo.

Asubuhi nilifuatana naye shambani. Yeye na Yona waliiondoa kamba, wakafunga upau wa chuma mbele ya mashine, kimo cha nyonga, ukiwa umeunganishwa na breki. Mhadhiri, Daktari Devota, alifika jua likiwa limepanda. Alinipa shikamoo, kisha akaenda kuukagua upau.

Hasina alivika kipande cha mgomba mkono wa shati kuukuu. Yona akakishika kwa mikono miwili, mashine ikawashwa, nami nikashika tasbihi yangu bila kuhesabu chochote. Kile kipande kilipoguswa na visu kilivutwa kwa nguvu, na Yona akavutwa nacho. Nyonga yake ikagonga upau. Ngoma ikanyamaza.

Shati lilichanika pindo. Mgomba ulikuwa umeparurwa ncha tu.

"Ulikusudia kuugonga?" mhadhiri alimwuliza Yona.

"Hata sikuwahi kukusudia, Daktari. Umenigonga wenyewe."

"Anayevutwa huegemea mbele, atake asitake," Hasina alieleza.

"Na mfanyakazi mfupi?"

"Upau unashushwa. Una matundu matatu."

"Rudieni."

Walirudia mpaka mgomba ukaisha. Hatimaye Daktari Devota akavua miwani, akaifuta kwa kitenge chake. "Andika ripoti yako vizuri, Hasina. Habari ya kurudia mwaka, isahau. Breki hii uifungue, uje nayo chuoni kwa maonyesho."

"Haifunguliwi," Yona akasema.

"Unasemaje?"

"Vijana wangu wanaanza kazi mchana huu. Kwa maonyesho atengeneze nyingine, chuma nitamtafutia mimi. Hii imeshaajiriwa."

Daktari akamtazama Hasina. Hasina akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemtungia mtihani.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Mwachie."

Mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa tulipopanda bajaji. Nilitaka kumwuliza atakula nini, lakini kabla hatujaifikia barabara ya lami alikuwa amelala begani mwangu, mdomo wazi, mikono yake yenye grisi juu ya kanga yangu mpya. Nikamwambia dereva aende polepole.